Karatasi Iliyokataliwa Kulaminetiwa

Wahiba wa Segerea alipenda kulamineti. Cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, hata kadi ya kliniki ya Azan, mwanawe aliyekwishaoa, vyote vilivishwa plastiki kwenye steshenari ya Anna. Mazoea yana taabu. Jumamosi asubuhi akaingia pale na bahasha.

"Anna, nilaminetie karatasi hii. Halafu nichomekee hiki kidude kwenye kompyuta yako."

Kidude kilifanana na flashi yenye kioo kidogo. Aiman, kaka yake anayefanya kazi Maskati, alimwachia alipokuja likizo. Kililinda akiba yao ya sarafu za kidijitali, waliyomwekea mama yao, Bi Khulud, aende Hija. Kwenye karatasi Aiman aliandika maneno ya siri ishirini na manne, ya kurudishia akiba kidude kikipotea.

Anna aliifunika karatasi kwa kiganja.

"Mama Azan, nani mwingine kaiona?"

"Hakuna. Wewe wa kwanza."

"Basi nami sijaiona. Mwenye maneno haya hahitaji kidude. Anachota kila kitu akiwa kwake. Hayapigwi picha, hayatolewi kopi, hayaandikwi kwenye kompyuta yoyote."

Wahiba akairudisha karatasi upesi kwenye bahasha. Hija ya mama alikuwa ameitembeza barabarani.

"Na kompyuta yangu iogope," Anna akaendelea. "Inachomekwa flashi za mtaa mzima. Tumia ya kwako. Alasiri nakuja."

Alasiri Anna alifika. Wahiba akawasha laptopu yake, akachomeka kidude kwa waya uliotoka nacho dukani. Akatafuta programu yake mtandaoni, akabonyeza tovuti iliyotokea juu kabisa. Ukurasa ulipendeza, una nembo ileile ya kwenye boksi. Ukamwambia: ili kuunganisha, andika maneno yako ishirini na manne.

Anna alimwachia makusudi, aone atafanya nini. Mkono wa Wahiba ulifika kwenye bahasha, ukasita.

"Anna, mbona huyu naye anaitaka karatasi?"

"Unadhani ni nani?"

"Mwizi," Wahiba alisema, akaufunga ukurasa.

"Wezi hulipia tangazo ili watangulie juu. Fungua kijitabu cha kwenye boksi, uandike anwani ya kampuni herufi kwa herufi."

Safari hii programu ya kweli ikapatikana. Haikuuliza hata neno moja. Namba ya siri ya kukifungulia kidude, aliyopewa na Aiman, Wahiba aliibonyeza kwenye kidude chenyewe. Akiba ikaonekana, nzima. Alifurahi mpaka akacheka peke yake.

"Siku ukituma," Anna alisema, "hakikisha anwani ya mpokeaji kwenye kioo cha kidude, ndipo ukubali. Kompyuta inaweza kudanganya."

Kidude kilibaki kwa Wahiba. Karatasi akaipeleka Vingunguti kwa mama yake, aifungie kabatini, asimsomee mtu yeyote. Baada ya wiki moja akampigia simu kumjaribu.

"Shikamoo mama. Hebu nisomee yale maneno, nataka kuyahakiki tu."

"Marahaba," Bi Khulud alijibu. "Nikifika Makka nitakuombea akili." Akakata simu.