Magadi ya Mama Vivian

Majirani wa ghorofa ya nne, hapa mtaani Pipeline, hubisha mlangoni kwa Triza, mama yake Vivian, na bakuli mkononi. Wanataka mrenda wake. Yeye hutia magadi kidogo sufuriani, mboga ikalainika na kuteleza vizuri. Mumewe, Luseno, anayepakia mabati kiwandani, humsifu kwa kila mtu.

Mwaka huu Luseno alipimwa, akaambiwa ana presha. Akapewa tembe. Triza aliambiwa apunguze chumvi, naye akaiondoa kabisa. Ili chakula kisikose ladha, akaongeza magadi.

Jumamosi moja alikuja Kui, mhudumu wa afya ya jamii anayeishi ghorofa ya pili. Alimkalisha Luseno atulie dakika tano, kisha akamfunga kitambaa cha mashine ya kupimia presha mkononi.

"Mia moja sabini na mbili kwa mia moja na nne," alisoma. "Baba Vivian, tembe unameza?"

"Kila asubuhi. Mke wangu hunisimamia kuliko msimamizi wa kiwanda."

"Na chumvi?"

"Hiyo tumesahau hata ladha yake," Triza alijibu kwa fahari.

Kui alifunua sufuria. "Mboga imelainika hivi kwa nini?"

"Ni magadi. Hayo si chumvi."

"Mama Vivian, magadi yana sodiamu, kama chumvi. Sodiamu huzuia maji mwilini na kupandisha presha."

Triza aliketi. "Kumbe mimi ndiye ninayemuumiza?"

"Hukuambiwa. Sasa umejua."

"Lakini mimi siumwi popote," Luseno alisema. "Nabeba mabati mchana kutwa."

"Presha haipigi kelele, baba. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu, usiku na mchana. Mishipa inakuwa migumu. Moyo unachoka kusukuma. Siku moja mshipa wa moyo au wa ubongo unaziba, na hapo ndipo watu hushtuka."

Luseno alishusha mkono wa shati lake. Triza alimtazama na kuogopa.

Jumatatu walikwenda kliniki pamoja. Daktari aliongeza dawa. Nyumbani, Triza alifunga magadi kwenye karatasi, akayatupa. Alianza kupika mrenda na kunde, akakoleza kwa nyanya, vitunguu, dania na ndimu.

"Nani amepika hii?" Luseno aliuliza siku ya kwanza.

"Mke wako. Kula."

Wiki ya tatu Luseno alifuta bakuli kwa tonge la mwisho, akaomba tena.

Miezi mitatu baadaye mashine ya Kui ilisoma mia moja ishirini na nane kwa themanini. Triza aliomba arudie kupima. Ikasoma karibu hivyohivyo.

"Tembe usiache, hata ukijisikia vizuri," Kui alimwambia Luseno. Kisha akamgeukia Triza. "Jumapili utawafundisha kina mama wa jengo hili."

Triza si mtu wa kusema mbele za watu. Lakini Jumapili alisimama juu ya paa, kati ya kamba za nguo, mbele ya wanawake kumi na wawili.

"Mimi niliamini magadi si chumvi," alianza.

"Kwani si kweli?" mmoja aliuliza.

"Sogea karibu, nikueleze."

Nyuma yao Luseno alimgusa jirani begani. "Huyo anayefundisha," alisema, "ni wangu."