Namba Ambazo Mbithe Hakuzisoma

Kila jioni, baada ya kuchota maji na kuwafungia mbuzi, Mbithe aliketi kwenye ngazi ya mlango na kumsomea babu yake. Mzee Nyamai alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli vya watu, lakini maandishi hakuyaona tena. Kwa hiyo Mbithe, msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa Gredi ya Saba, ndiye aliyemsomea Biblia, ujumbe wa simu na hata maandishi kwenye chupa za dawa. Majirani wa pale Matiliku walizoea kumwona mzee akimnyoshea kitu na kuuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Mbithe alisoma, na mzee aliamini.

Mzee Nyamai alikuwa na gari aina ya Pijo 504, jeupe, alilolinunua zamani alipokuwa dereva wa serikali. Lilikuwa kuukuu, lakini injini yake ilinguruma vizuri. Siku hizi aliyeliendesha ni Jonah, baba yake Mbithe, anapokwenda kanisani au kupeleka machungwa sokoni mjini Wote.

Mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, simu ilipigwa kutoka Kwa Vonza, kaunti ya Kitui. Aliyepiga ni Kathini, binti wa Nyanya Ndululu. Ndululu alikuwa dada pekee wa Mzee Nyamai. Wazazi wao walifariki wangali wadogo, na Ndululu, aliyekuwa mkubwa, ndiye aliyemlea mdogo wake na kumpeleka shule. Sasa alikuwa na saratani ya koo. Kathini alieleza kwamba madaktari wamemruhusu mgonjwa arudi nyumbani, kwa kuwa hapakuwa na matibabu mengine. Kisha akampa mama yake simu.

"Nyamai," sauti ya Ndululu ilisikika kwa shida, "njoo na lile gari. Nataka nilisikie likiingia uani."

Mzee alimjibu kwamba angefika Jumamosi. Simu ilipokatika, alikaa akiipapasa fimbo yake.

Safari ya kutoka Matiliku hadi Kwa Vonza ni ndefu, na matairi ya Pijo yalikuwa yamepasuka nyufa kwa kuchakaa. Mzee aliamua kununua mapya kabla ya kuondoka. Alhamisi alasiri alimpa Mbithe karatasi na kalamu, akamwambia aandike namba zilizo kwenye matairi yote manne, kisha alale chini ya gari asome na namba za spea, yaani tairi la akiba. Alimsisitizia asikisie.

Mbithe alizunguka gari. Kila tairi lilikuwa limeandikwa 175 R 14, naye akaandika hivyo. Lakini spea ilining'inia chini ya buti, ndani ya kikapu cha chuma, ikiwa imefunikwa na tope kavu. Ili kuisoma, ilibidi alale chali mavumbini na kuisugua kwa kitambaa. Mbithe alikuwa amevaa gauni safi la mazoezi ya kwaya, na wenzake walikuwa wakimwita kutoka barabarani. Aliinama, akachungulia, akaona weusi na tope tu. Alijiambia kwamba gari ni moja, kwa hiyo matairi yake hayawezi kutofautiana.

"Yote matano ni sawa, Babu," alisema akimpa karatasi.

"Spea umeisoma?"

"Ndiyo, Babu."

Mzee aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Mbithe akakimbilia kwaya.

Kesho yake walikwenda Wote, kwenye duka la Bwana Abdisalam. Mfanyabiashara huyo alikuwa mtu wa Garissa, na alikuwa ameuza matairi pale Wote kwa miaka mingi. Jonah alitaka wachukue matairi mapana yaliyokuwa yamepangwa mlangoni, kwa sababu yalipatikana kwa urahisi. Abdisalam alitikisa kichwa. Alieleza kwamba siku hizi watu huyavalisha magari ya zamani chochote kinachoingia kwenye rimu, halafu usukani unakuwa mzito na tairi linakwaruza bodi. Aliingia stoo, akatoka na matairi manne ya 175 R 14.

Alipomwona Mbithe akitazama maandishi, alimfundisha kuyasoma. Hiyo 175, alisema, ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 14 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. "Lakini ukiona mkwaju, yaani mstari wa mshazari, na namba nyingine katikati, kwa mfano 65, ujue hilo tairi ni fupi," aliongeza. "Linaweza kuingia kwenye rimu ileile, lakini halilingani na wenzake."

Kisha akageuka kwa mzee. "Na spea? Niitazame?"

"Hakuna haja," Mzee Nyamai akajibu. "Mjukuu wangu ameisoma."

Ilikuwa rahisi kusema wakati ule. Lakini watu walikuwa wengi dukani, na baba yake alikuwa na haraka. Akasogea nje, na matairi manne mapya yakafungwa.

Jumamosi waliondoka mapema. Mzee alivaa koti lake la kanisani, akaketi mbele. Walipita Machakos, wakapita na Masii. Mbele kidogo barabara ilikuwa ikitengenezwa, na jiwe lenye ncha kali likalikata tairi la nyuma ubavuni. Mpasuko ulikuwa mkubwa, haukuweza kuzibwa. Jonah alisimamisha gari kando, akaishusha spea na kuipangusa. Ilikuwa ndogo. Iliposimamishwa karibu na tairi jingine, ilifanana na mtoto aliyesimama na mtu mzima.

"Imeandikwa 165/65 R 14," Jonah alisema kwa hasira. "Yule mtu wa Wote ametubadilishia spea."

Alichukua simu na kumpigia Abdisalam palepale. Alimwita mwizi. Abdisalam alimjibu kwa utulivu kwamba spea yao hakuigusa hata kidogo, lakini Jonah alikata simu kabla hajamaliza. Mbithe alisimama kwenye majani ya kando ya barabara, akasikia kila neno.

Mzee Nyamai ndiye aliyeelekeza la kufanya. Pijo husukumwa na magurudumu ya nyuma, alisema, na yakitofautiana urefu, gia za ekseli ya nyuma zitapata moto na kuharibika. Walihitaji kutoa tairi zima la mbele na kulihamishia nyuma, kisha ile spea ndogo ifungwe mbele. Kazi ilichukua muda mrefu. Jeki ilizama katika udongo laini, ikabidi Jonah atafute mawe ya kuiwekea chini.

Walipoondoka tena, gari liliinama upande mmoja na kuvuta usukani, hivyo Jonah aliendesha polepole sana. Waendesha baiskeli waliwapita. Kila baada ya muda Mzee Nyamai alinyosha mkono nyuma, saa ikiwa kiganjani.

"Ni saa ngapi, Mbithe?"

"Saa tano na nusu, Babu."

Baadaye akauliza tena. Ilikuwa saa sita na robo. Alipouliza mara ya tatu ilikuwa saa saba kasorobo, na Mbithe alisoma huku machozi yakimdondoka.

Walipoingia Kwa Vonza na kufika kwenye boma la Ndululu, wanawake walikuwa wamesimama uani, kanga zimefunika vichwa. Hakuna aliyesogea kulipisha gari. Kathini alikuja mlangoni mwa gari, akamshika mjomba wake mkono. Mama yake, alisema, alikuwa amefariki nusu saa tu kabla hawajafika. Tangu asubuhi, kila gari lilipopita barabarani, alikuwa akiuliza kama ndio wao.

Mzee aliongozwa ndani. Alimpapasa dada yake usoni, kwenye paji la uso, mashavuni, kidevuni, kama mtu anayesoma. Mbithe hakuweza kuangalia. Alitoka nje, akakaa nyuma ya jiko.

Mazishi yalifanyika Alhamisi iliyofuata. Katika siku zile za matanga, Jonah aliwasimulia waombolezaji jinsi walivyochelewa kwa sababu ya muuza matairi wa Wote. Wengine waliitikia kwa maneno makali kuhusu Abdisalam na watu wa kwao wote. Mbithe aliyasikia alipokuwa akigawa chai. Alifikiria jinsi yule mtu alivyomfundisha namba zile kwa upole.

Alasiri baada ya mazishi, alimkuta babu yake ameketi peke yake karibu na kaburi. Alipiga magoti mbele yake.

"Babu, spea sikuisoma," alisema. "Niliogopa kuchafua gauni, nikakudanganya. Bwana Abdisalam hana makosa."

Mzee alimwambia amwite baba yake, na Jonah alipokuja, Mbithe alirudia maneno yaleyale. Jonah alitaka kufoka, kisha akasita. Alijishika kichwa. Alikumbuka kwamba mwaka juzi, alipopata pancha kule Nunguni, alifungiwa lile tairi dogo ili afike nyumbani. Baadaye alilitia mahali pa spea, akaahidi kulibadilisha, akasahau.

Siku iliyofuata walirudi polepole hadi Wote na kusimama mbele ya duka la Abdisalam. Jonah alimwomba msamaha mbele ya wateja. Mbithe naye alimwomba, akaeleza alichofanya bila kuficha. Abdisalam alimsikiliza hadi mwisho.

"Simu ile niliipokea mbele ya watu, wakasikia nikiitwa mwizi," alisema. "Tangu siku hiyo kuna wanaoniangalia kwa jicho lingine. Umefanya vizuri kuja mwenyewe."

Alimpa Mzee Nyamai mkono wa pole, kisha akatoa matairi mawili ya 175 R 14, moja la kuchukua nafasi ya lililokatwa na jingine la spea. Alipomaliza kuyafunga kwenye rimu, yote matano yalilingana. Jonah aliahidi kumpigia simu kila mtu aliyemweleza habari ile ya uongo, na alianza papo hapo, akisimama kwenye kivuli cha duka.

Mbithe na babu yake walimngoja ndani ya gari. Ndipo mzee alipozungumza.

"Dada yangu aliuawa na ugonjwa, Mbithe, si na wewe. Huo si mzigo wako, usiubebe. Lakini muda ule tuliopoteza barabarani ulikuwa wangu na wake, na siwezi kuupata tena. Hilo litaniuma, na sitakuficha."

Mbithe alilia kimya.

"Mtu akikuuliza jambo, ni kwa kuwa anakuamini," mzee aliendelea. "Jibu lako analichukua, anasafiri nalo, na wewe hujui litamfikisha wapi. Kama hukuangalia, sema hukuangalia. Hakuna aibu katika hilo. Ungeniambia siku ile kwamba una haraka ya kwenda kwaya, ningengoja mpaka urudi."

Alimvuta karibu, akamfuta machozi kwa kiganja chake kigumu, ingawa ya kwake mwenyewe yalikuwa yakitiririka.