Jina la Abigaëlle Halikuwa Ukutani

Treni ya Kasaji iliingia Kolwezi ikiwa imechelewa siku mbili, na watu waliokuwa wakiingoja wakasukumana kana kwamba ingegeuza palepale na kurudi ilikotoka. Ilikuwa Jumamosi, jua limepanda, vumbi jekundu limetua juu ya magunia na mabega ya akina mama. Stany alikuwa amekuja kupokea dumu la asali aliloletewa na mjomba wake. Alikuwa karani wa miaka thelathini, shati jeupe limepigwa pasi, suruali nyeusi isiyo na doa. Alipochoka kusimama aliona gunia limeegemezwa ukutani, akaketi juu yake.

"Tata, unaikala juu ya bukari ya batu."

Stany aligeuka; huyo tata, yaani baba, alikuwa yeye. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa kikwembe cha kijani chenye maua ya njano, kilemba amekifunga kwa haraka, unga umemkaa mpaka kwenye nyusi.

"Unisamehe, mama. Sikujua."

"Sasa unajua. Na bado unaikala."

Akainuka upesi. Nyuma ya suruali yake palikuwa peupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Mwanamke akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilimponyoka, na Stany naye akacheka.

Aliitwa Abigaëlle. Magunia yalikuwa ya mihogo mikavu ya kusaga unga wa bukari, yaani ugali, iliyolimwa na ndugu zake wa Kasaji. Yeye na wanawake wengine watano waliisaga katika kibanda chao mtaa wa Manika, wakauza unga sokoni.

"Bunga mingi ya hapa inatoka Zambia," alimwambia Stany alipokuwa akimsaidia kupakia magunia kwenye mkokoteni. "Shaba inatoka mu malori, bunga inaingia mu malori, na shi benyewe tunasimama mu barabara tunaangalia. Mi nikasema, ba Kasaji banalima. Juu ya nini tusikule ya bao?"

"Na mashini yenu iko namna gani?"

"Iko muzee. Inakohoa kupita tata yangu."

Stany akamwambia kazi yake. Alikuwa katika ofisi ya mradi mmoja uliosaidia wenye biashara ndogo za mkoa: washonaji, wafuga kuku, wachomeleaji, wasagaji. Waliokubaliwa walipewa mashine na mafunzo. Abigaëlle alimtazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Ah. Kumbe wewe ni Bwana Karatasi."

Jina hilo likamganda.

Wiki iliyofuata Stany alikwenda Manika na fomu. Mama Ernestine, mkubwa wa kile kikundi, mjane mwenye sauti nzito, alimpa kiti na maji ya kunywa, kisha akamwonyesha mashine. Ilikuwa imeunganishwa kwa nyaya na vipande vya tairi. Mkanda wake ulizunguka wazi, bila kifuniko, karibu na mahali mtu aliposimama kumimina mihogo. Stany aliandika dosye, faili zima la maombi, kwa mkono wake, na sentensi moja aliiandika mara mbili ili iwe na nguvu: *Mkanda wa mashine hii hauna kifuniko, na wanawake wanafanya kazi kando yake kwa hofu.* Abigaëlle alitia sahihi kwa niaba ya wote.

Dosye ilikwisha, lakini Stany hakuacha kwenda. Jumapili walikutana baada ya ibada, yeye akitoka kwa Wakatoliki na Abigaëlle kwa Wamethodisti, wakala samaki wa kukaanga kando ya barabara huku malori ya madini yakipita na kuwarushia vumbi. Saa sita mchana, mashine ikipumzika, simu ya Stany ililia.

"Bwana Karatasi, umekula?"

"Bado. Nakungoja wewe."

"Unangoja mi mu simu? Utakufwa na njala."

"Nikufwe tu, ukuje unilie."

"Mi silie batu bajinga. Kula, mupenzi."

Mwezi wa tatu tangu wajuane Stany alimwambia kwamba angemwandikia mama yake mwenyewe, ili wazee waanze mazungumzo ya ndoa. Abigaëlle alisogea karibu. Alimtengeneza kola, akaikung'uta mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Siku chache kabla ya kukaa kwa tume ya kuchagua watakaosaidiwa, mkuu wa ofisi, tata Barnabé, alimwita Stany na kufunga mlango.

"Ule mwanamuke wa bunga, ni nani kwako?"

"Nataka kumuoa, tata."

"Ni vizuri. Basi sema vile mbele ya komisyo, kisha utoke mu chumba, bengine baamue. Usifiche. Mwaka ulipita mwenzako mumoja alifukuzwa juu ya dosye ya shemeji yake."

Ulikuwa ushauri mwema, na Stany aliushukuru. Lakini alipobaki peke yake hofu ilimwingia. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Akilini alimwona kila mtu wa tume akimkodolea macho, akipekua kila dosye iliyowahi kupita mikononi mwake. Akaitoa ile ya Abigaëlle kwenye rundo, akaitia ndani ya droo, akajiambia kwamba baada ya miezi sita kungekuwa na duru nyingine. Miezi sita si kitu. Abigaëlle alipomuuliza kwa simu, alimjibu, "Iko njiani, mupenzi."

Orodha ya waliokubaliwa ilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi, Abigaëlle aliisoma mara tatu, kidole kikishuka jina baada ya jina. Lake halikuwapo, wala la mama Ernestine. Akampigia.

"Stany, hatuko."

"Dosye zilikuwa mingi," Stany alisema. "Komisyo ilichagua."

"Baliona ile maneno ya mukanda?"

"Baliona."

"Basi. Usihuzunike juu yetu. Tutajaribu tena."

Ni yeye aliyembembeleza Stany siku ile, na Stany akakubali kubembelezwa.

Siku ya kumi na saba baada ya hapo, asubuhi, watu wakiwa wamepanga mstari na mabeseni yao, mkanda ulikatika na kurudi kwa kishindo. Ulidaka mkono wa nguo ya Abigaëlle, ukamvuta. Mama Ernestine alirukia injini na kuizima, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kuingia. Hospitalini madaktari walimkata vidole vitatu. Viwili vilivyobaki walisema huenda visikunjike tena.

Stany alikuja kila siku. Alimlisha uji, akamfuta uso, hata akamsuka nywele, tena vibaya, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakamtania.

"Bwana Karatasi, unanisuka kama unafunga mbuzi," Abigaëlle alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu ajali. Stany alitoka nje akasimama nyuma ya ukuta wa hospitali mpaka uji ukapoa.

Siku ya nne mama Ernestine alikwenda ofisini kuuliza kama mradi ungeweza kuwasaidia hata nje ya orodha. Karani mwingine alifungua daftari la dosye zilizofika mbele ya tume. Ya kwao haikuwamo. Mama Ernestine akaomba watazame tena, wakatazama. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja hospitalini, akamkuta Stany na bakuli mkononi.

"Mwanangu," alimwambia, "dosye yetu iko wapi?"

Stany aliweka bakuli chini. "Mu droo yangu, mama."

Abigaëlle alimtazama, kisha akamtazama mama Ernestine, kana kwamba mmoja wao angecheka na kusema ni utani.

"Ulisema baliona."

"Nilikudanganya."

"Ni nani alikulipa? Ulimpa mwengine nafasi yetu? Ama ulikuwa na haya ya kusema mbele ya bakubwa kama mi ni mutu yako, mi muke wa bunga?"

"Hapana. Hakuna mutu alinilipa, na sikukuonea haya hata siku moja. Niliogopa kupoteza kazi yangu. Njo ile tu, basi."

"Njo ile tu," alirudia polepole. Alikuwa amejiandaa kusikia jina la mwanamke mwingine, au hongo, kitu kikubwa kinachotoshana na mkono wake. "Toka, Stany."

Alitoka. Kesho yake aliandika barua yenye yote aliyoyafanya, akaiweka juu ya meza ya tata Barnabé pamoja na ile dosye. Tata Barnabé aliisoma akiwa amesimama. Mwisho wa juma Stany hakuwa na kazi. Alimpigia Abigaëlle mara nyingi. Simu ililia mpaka ikanyamaza yenyewe. Baadaye akapata kibarua cha kuandika namba za malori kwenye kizuizi cha barabara, nje ya mji, akimeza vumbi kutwa.

Duru ya pili ilipofika, tume ilikwenda Manika kujionea kwa macho. Wanawake walipewa mashine mpya, mkanda wake umefunikwa kwa chuma. Kina mama waliipigia vigelegele, kisha wakaukumbuka mkono wa Abigaëlle na kuacha. Yeye alikuwa amejifunza kupima unga kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliuzungushia kitambaa, na hakuna aliyeuona ukiwa wazi, hata mama Ernestine.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane aliinua macho, akamwona Stany katikati ya mstari na beseni la mihogo kama watu wote. Alikuwa amekonda, shati limefifia. Hakumruka mtu. Zamu yake ilipofika, mama Ernestine aliwatazama wote wawili, akaenda kushughulika na injini.

"Yambo, Abigaëlle."

"Yambo, Stany. Nilisikia habari ya ile barua."

"Ilichelewa."

"Ilichelewa. Lakini uliandika." Alimimina mihogo yake. "Unakula?"

"Kidogo."

Stany alisubiri mashine ipunguze kelele, kisha akasema alichokuja kusema. "Mi bado nataka kukuoa. Sina tena kazi ya mu biro, sina kitu. Nitatumika hapa, nitabeba magunia. Sitakuficha neno tena."

Abigaëlle alisogeza beseni kando. Alifungua kitambaa kwa meno, mzunguko baada ya mzunguko, akauweka ule mkono juu ya kiganja cha Stany. Stany aliushika. Hakuangalia pembeni. Machozi yalimshuka akayaacha.

"Mi nakupenda," Abigaëlle alisema. "Sitakudanganya. Hata jana nilitaka kukupigia. Na mashini nilikwisha kuisamehe, ilikuwa muzee. Lakini kila asubuyi nikiamuka na hii mukono, nakumbuka wewe mbele ya kukumbuka mashini. Nilingoja ile kitu iishe. Haiishi, Stany."

"Nitangoja na mi."

"Usingoje. Oa. Uzae batoto, ubafundishe kusema kweli wakati iko na bei."

Alirudisha mkono wake. Unga ulikuwa tayari. Alimjazia beseni mpaka juu, akausawazisha kwa kiganja cha kushoto. Stany alilichukua, akapita kando ya mstari wa akina mama waliokuwa wakitazama chini, akaondoka upande wa barabara ya malori.

Abigaëlle alizungusha kitambaa upya, akakaza fundo kwa meno. Akageukia mstari.

"Mwenye kufwata," aliita.