Chapati ya Mwisho

Giza lilikuwa bado halijaamua kama linaingia au linasubiri, na baridi ya Juni imekwisha kushuka kutoka majabalini, Joachim alipotumwa dukani kununua unga wa ngano.

"Baba Devota, usirudi bila unga," mkewe Evarista alimwambia kutoka jikoni. "Mtoto wako hataki kitu kingine siku hizi. Chapati, chapati. Sijui amezaliwa kwa nani huyu."

Joachim alivaa koti akatoka. Alikuwa afisa mifugo wa kata, mtu wa kuheshimika, na kutumwa unga hakukumpendeza. Lakini kilichomkera hasa ni kwamba duka la kona lilikuwa limeishiwa, na la pili yake limefungwa kwa msiba. Lililobaki lilikuwa la Mama Shobha.

Hakuwa amekanyaga pale tangu kampeni.

Kampeni yenyewe ilianza vizuri, kama zinavyoanza zote, kwa semina na soda. Mbwa wote wa mji wachanjwe kichaa cha mbwa, na kila aliyechanjwa avishwe mkanda mwekundu shingoni. Dawa ilikuja ya kutosha. Mikanda ikaja pungufu. Zamu ya mtaa wao, Mlandege, ilipofika, mikanda ilikuwa imekwisha, na wakubwa wakaahidi kwamba mingine ingeletwa "hivi karibuni", kipimo cha muda ambacho hakuna saa iliyowahi kukionyesha. Kabla haijaletwa, mtoto mmoja wa upande wa pili wa mji aling'atwa, wakubwa wakaingiwa na hofu, likashuka agizo jipya: mbwa yeyote asiye na mkanda auawe.

Joachim aliuliza kikaoni, kwa sauti ndogo, habari za wale waliochanjwa wakakosa mikanda. Akajibiwa kwamba agizo linasema mkanda, halisemi sindano. Hakuuliza tena. Kulikuwa na wageni wanakuja kukagua, na yeye alikuwa anaitamani sana ofisi ya wilaya, ile yenye gari.

Mbwa wa Mlandege wakaisha kwa vipande vya nyama yenye sumu. Akabaki mmoja.

Moti alikuwa mbwa wa mzee Premji, marehemu mume wa Mama Shobha, aliyemwokota barazani akiwa mdogo kama kiatu. Mzee alipofariki, mbwa akahamia miguuni pa mjane, akawa analala pale pale mlangoni mwa duka: mweusi, mnene kidogo, ana doa jeupe kifuani. Nyumba ile haikuwahi kuingia nyama, tangu enzi za babu zao. Moti alilelewa kwa maziwa na chapati, tena si chapati yoyote. Ile ya mwisho kutoka kikaangoni, kila jioni, ilikuwa ya mbwa. Ndivyo walivyofanya kwao, kizazi baada ya kizazi. Nyama ya serikali aliinusa mara moja tu, akageuza uso kama mzee wa kanisa aliyeonyeshwa kilabu cha pombe.

Na kwa mkono wa mtu mwingine hakupokea kitu.

Kwa hiyo Joachim alirudi jioni nyingine na vidonge ndani ya karatasi, akamwamkia mjane kwa heshima zote.

"Dawa ya minyoo hii, mama. Mwekee mwenyewe kwenye chapati yake. Kwako atakula."

Mama Shobha alifurahi. Serikali imemkumbuka mbwa! Akamkaribisha Joachim kiti, akamletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Moti alikula kwenye kiganja cha mama yake, taratibu, huku akimtazama usoni. Joachim alikunywa chai ile akaimaliza, maana kuacha chai ya watu ni utovu wa adabu. Alikuwa amefika njia panda aliposikia yule mama ameanza kumwita mbwa wake kwa jina.

Alimwita mpaka sauti ikakauka.

Sasa Joachim alikuwa amesimama tena mbele ya duka lile lile. Taa ya ndani ilikuwa hafifu. Mlangoni palikuwa na gunia dogo limekunjwa vizuri, la kulalia mbwa, na juu yake hakuna kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana mifugo." Mama Shobha alikuwa amekaa nyuma ya mzani, mtandio kichwani, mikono mapajani. Hakuonyesha kushangaa. "Umekawia kuja."

"Kazi nyingi, mama. Naomba unga wa ngano, kilo mbili."

Alianza kupima. Alipima polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Mnapika chapati siku hizi."

"Mtoto anapenda."

"Siku hizi?"

"Siku hizi, ndiyo."

"Na ile ya mwisho anakula nani?"

Devota alikuwa anaiomba kila jioni ile ya mwisho, ikiwa bado ya moto, anatoka nayo uani. Wao walidhani anakwenda kuila huko.

"Mama," alisema, "lile lilikuwa agizo. Mimi nilitumwa tu."

"Najua. Lakini agizo halikuja hapa kukaa kwenye kiti changu. Ulikuja wewe." Alifunga mfuko wa unga kwa uzi, akakaza. "Halikunywa chai yangu. Ulikunywa wewe."

"Nisamehe, mama."

"Alinitazama mimi, bwana mifugo. Mpaka mwisho alikuwa ananitazama mimi, anafikiri nitamsaidia."

Mahali fulani juu, kwaya ya kanisani ilikuwa inajaribu wimbo, inakosea, inaanza upya.

"Umekwenda kwa mganga?" Joachim alinong'ona.

Mama Shobha alicheka kidogo, bila kuonyesha meno. "Mganga wa nini? Mimi mwanamke mzee, nimepika tu. Jioni ile nilimzika, nikapika chapati yake kama kawaida. Nikaenda nayo mpaka getini kwako, nikaiweka chini. Nikamwambia, Moti, mimi sistahili tena, mkono wangu ndio uliokulisha sumu. Nyumba yako sasa ni hii. Ilinde."

"Ilinde... na nani?"

Akamsogezea mfuko.

"Nenda, unga wako huo. Mtoto anasubiri."

Joachim alitoka akitembea kama mtu asiye na haraka. Ukungu ulikuwa umeteremka, taa za barabarani zimekuwa mipira ya njano isiyomulika kitu. Akajiambia kwamba yeye ana diploma. Akajiambia kwamba ajuza yule amechanganyikiwa kwa upweke na anahitaji ustawi wa jamii, na kwamba kesho angewaandikia.

Kisha akasikia harufu.

Samli. Samli ya moto, na unga ulioungua kidogo pembeni.

Aligeuka. Barabara ilikuwa tupu. Hakuna dirisha la jiko, hakuna moshi, ni ukuta mtupu wa kiwanja cha mtu.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Kucha kwenye lami. Hazikuwa nyuma yake. Zilikuwa mbele, zinatangulia kuelekea nyumbani kwake.

Akaharakisha. Nazo zikaharakisha. Akasimama, zikasimama, kisha zikaenda zenyewe, mbio, mbio sana, mpaka zikapotea upande wa nyumba yake... Joachim akaanza kukimbia, mfuko wa unga kifuani kama mtoto mchanga.

Geti la bati halikuwa limefungwa. Alilisukuma.

Likarudi.

Akalisukuma tena. Kitu upande wa ndani kililiegemea, chini, usawa wa magoti. Kikanguruma. Si kwa sauti kubwa. Ni ule mngurumo mdogo wa mbwa asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba.

"Evarista!" aliita. "Mama Devota!"

Sauti iliyojibu kutoka ndani ilikuwa ya mwanawe, nyembamba, yenye furaha.

"Moti! Nani huyo? Eeh, Moti? Umemwona nani?"

Jina lile Joachim hakuwahi kulitamka nyumbani kwake. Hata mara moja.

Alipenyeza mkono wa kulia kutafuta kilicholizuia. Mkono ule ule uliotoa vidonge.

Meno yakaushika.

Evarista alifika na tochi, akafungua geti hadi mwisho. Alimwona mumewe amepiga magoti barabarani, unga umemwagika mweupe kila mahali, na juu ya unga damu. Akamulika uani. Ndoo. Kamba ya nguo. Devota amesimama peke yake katikati ya ua, mkono mmoja umening'inia, vidole vinacheza kama vinakuna kitu.

"Umefanya nini, baba Devota? Ni nini hicho?"

"Mbwa. Mshike mbwa!"

"Mbwa gani? Hapa hakuna mbwa."

Joachim aliinuka, akajaribu kuvuka kizingiti. Suruali ikachanika mguuni mbele ya macho ya mkewe, kutoka gotini hadi chini, na hakukuwa na kitu cha kuichana. Evarista alipiga yowe, akadondosha tochi.

"Baba," Devota akasema kwa upole, kama anayemtuliza mgeni, "usiogope. Hang'ati watu wazuri."

Hospitalini alihudumiwa na kijana mwenye koti jeupe na karatasi ya maswali, na karatasi ikiwa na maswali lazima yaulizwe yote.

"Umeng'atwa na mbwa. Wa kwako au wa jirani?"

Joachim alifikiri. "Wa kwangu, nadhani."

"Amechanjwa?"

"Ndiyo."

"Una uhakika, mzee? Kichaa cha mbwa si mchezo."

"Nilimchanja mwenyewe."

"Ana mkanda?"

Joachim aliutazama mkono wake. Kijana akaandika: hana.

"Sasa huyo mbwa inabidi awekwe chini ya uangalizi, tuone kama atakufa. Kwa sasa yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," Joachim alisema, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akalia mbele ya mtumishi wa umma.

Alijaribu mengi. Alimleta mchungaji, mchungaji akaingia, akaombea kila chumba, akatoka bila mkwaruzo, huku Joachim akimsubiri barabarani. Akaingia balozi wa nyumba kumi. Hata msoma mita za maji, mtu ambaye kila mbwa wa Iringa ana neno naye, aliingia akatoka anapiga mluzi. Ni Joachim tu. Evarista alimfuata nje jioni moja, amejitanda khanga mbili kwa baridi, akamuuliza, "Ulimfanyia nini mbwa huyo?" Akamwambia yote. Hata chai. Evarista alimsikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani, akafunga geti. Hakulifunga kwa hasira. Alilifunga tu.

Uhamisho alioutaka ulikuja, ila si wa ofisi yenye gari. Anakaa Nyololo sasa, chumba cha kupanga kando ya barabara kuu, anachanja ng'ombe, na mkono wa kulia haukunji ngumi. Wezi wamepita Mlandege mwaka huu nyumba kwa nyumba. Kwa Evarista hawajagusa hata ndoo.

Jumapili Joachim hupanda basi kwenda Iringa, akasimama ng'ambo ya barabara, jioni, kumwona mwanawe. Wakati mmoja alipika chapati mwenyewe, akaileta, akaiweka getini kwa mkono wake uliopona vibaya, akasogea nyuma akasubiri. Ilipoa. Ikakauka. Devota alitoka kuitazama, kisha akatazama chini, ubavuni pake, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Hataki, baba," alisema. "Ya kwako hataki."

Jumapili iliyofuata alikuwa bado amesimama pale alipomwona Mama Shobha anakuja polepole kwenye ukungu, mtandio kichwani, kibati cha samli mkononi. Alipita karibu naye.

"Hujambo, bwana mifugo," akasema bila kusimama. "Mtoto amenialika. Anasema Moti amesamehe mkono wangu."

Hakubisha hodi. Geti lilifunguka lenyewe, taratibu, mpaka mwisho, na kutoka ndani Joachim akasikia kitu kinapiga bati kwa furaha, kama mkia wa mbwa aliyemwona mwenyewe amerudi.

Pu. Pu. Pu.

Kisha geti likafungwa, na mngurumo ukaanza.