Jahla ya Bi Mosi

Wimbi la tatu halikuwa na adabu. Liliipiga boti ubavuni, likazoa sanduku la barafu, likaizima na mashine. Nahla alibaki kalowa chapachapa, kaukumbatia mfuko wa insulini.

"Dawa ipo?" akapiga kelele Ami Hashil.

"Ipo! Barafu ndiyo imekwenda!"

Mafuriko yalikuwa yamekata njia ya gari kutoka mji wa Sur, na kijijini, mbele ya Qalhat, bibi yake Nahla, Bi Mosi, alikuwa kajipiga sindano yake ya mwisho jana. Ndiyo maana Hashil, mwanawe, akaitoa boti.

Dhoruba ikapita, jua likatoka na hasira zake. Hashil akaifungua mashine, akaanza kukausha plagi moja moja huku akiimba. Nahla hakuwa na hamu ya nyimbo. Dawa ilikuwa inapata moto mkononi mwake.

Maji ya kunywa yalikuwa kwenye jahla tu, mtungi mpya wa udongo kutoka Bahla, aliouagiza bibi yake. Bi Mosi hanywi maji ya friji hata umfunge kamba. Asubuhi Nahla alinung'unika: tunapeleka dawa, udongo wa nini? Sasa akaugusa. Ulikuwa unatoka jasho, na baridi yake, wallahi, tamu!

"Ami, dawa ikae humu. Tunywe yote, tutie ya bahari; tukiacha matamu tutakuwa tunafungua kila mara, baridi itoke."

"Halafu tukiona kiu?"

"Tutavumilia. Bibi hawezi kuvumilia."

Wakanywa mpaka tone la mwisho. Nahla akafunga dawa kwenye plastiki mbili, akaining'iniza ndani ya shingo ya jahla, juu ya maji ya chumvi. Akauzungushia mtungi kilemba cha Hashil kilicholowa, akautundika penye upepo wa bara. Kila kilemba kilipokauka, alikilowesha tena. Mpaka adhuhuri midomo imewapasuka, na nyimbo za Hashil zimekwisha.

Alasiri mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Walipiga vigelegele kwa sauti zilizokauka.

Bi Mosi alikuwa ufukweni, kashikiliwa na majirani wawili, uso umemparama kwa kukosa dawa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Jahla yangu nzima?"

Nahla akacheka huku analia, akaitoa dawa. Ilikuwa baridi kwenye vidole vyake. Akampiga sindano pale pale mchangani.

Jioni Bi Mosi, nguvu zimemrudia, akachota kikombe kwenye jahla, akapiga funda, akatema.

"Mtume! Mmenitilia chumvi mtungi wangu!"

"Humo ndimo ilimokaa dawa yako, Bibi. Kutwa nzima."

Bi Mosi akautazama mtungi, akamtazama mjukuu wake na midomo yake iliyopasuka. Kisha akamvuta Nahla kifuani na kuagiza yaletwe maji matamu, wanywe watoto wake hawa wawili kwanza.