Chura wa Kabati la Haverstock

Saa kumi na moja kasorobo jioni, theluji ikianguka na giza la Januari likiwa limeshaingia, Odette Arceneaux alishuka chini ya jumba la makumbusho kumtafuta chura mmoja.

Chura mwenyewe alikufa mwaka 1952. Alikuwa ndani ya chupa ya spiriti, mguuni amefungwa kwa uzi kikaratasi chenye namba na jina la mahali alipokamatwa. Kikaratasi hicho ndicho kilichomtoa Odette Louisiana hadi kwenye baridi hii isiyo na adabu. Kampuni moja ilitaka kukausha kinamasi cha kwao, Bayou Corbeau, ijenge maghala. Hakimu alisema kinamasi kitaachwa iwapo itathibitishwa kwamba chura wa aina ile aliwahi kuishi pale, na ushahidi aupate kabla ya saa tatu asubuhi ya kesho yake. La sivyo matingatinga yangeingia, na nyumba ya kwanza kuangushwa ingekuwa ya Eulalie, bibi yake, mwenye miaka tisini na mmoja.

Mtunza chupa, Wendell Pruitt, mzee mrefu mwenye kikohozi, alikuwa ameshavaa koti.

"Robo saa tu, binti. Nyoka wangu nao wanataka kulala."

"Nyoka wako walilala kabla sijazaliwa, mzee."

Wendell akacheka, kisha akaacha ghafla. "Kadi unajua kuijaza?"

"Ukitoa chupa, unaacha kadi mahali pake. Jina, tarehe, namba. Kazi hii ya kuhifadhi viumbe nina miaka kumi nayo."

"Haya. Ila kwenye kabati la Haverstock..." Akashusha sauti. "Usiandike jina lako. Andika langu."

"Kwa nini?"

"Mimi keshaniandika."

Akapanda ngazi bila kugeuka nyuma.

Haverstock ndiye aliyewakusanya vyura wale, maelfu kwa maelfu. Safari yake ya mwisho aliingia tena Bayou Corbeau na sanduku la chupa, na hakuonekana tena. Odette aliijua habari hiyo tangu utotoni, na wala haikumnyima usingizi. Kilichomsumbua ni kadi. Kuandika jina la mtu mwingine ni uongo, na kwa watu wa kazi yake uongo kwenye kumbukumbu ni mbaya kuliko wizi. Wakili wa kampuni akigundua, ushahidi wote umekwenda na maji.

Akaandika jina lake. Kwa herufi kubwa.

Chupa akaiweka mezani, safu ya tisa. Namba 2206. Bayou Corbeau. Wino umefifia lakini unasomeka. Akapiga picha tatu, moyo ukimdunda kwa furaha. Kule chini simu haikushika mtandao, hivyo ilimpasa apande juu kuzituma.

Taa za chumba kile huwaka zenyewe mtu anapopita, na huzimika akiondoka.

Taa ya safu ya kumi na nne ikawaka.

Odette akatazama. Makabati tu, hapana mtu.

Ikawaka ya kumi na tatu.

"Mzee Pruitt?"

Chwa. Chwa. Chwa. Mlio wa buti lililojaa maji.

Ya kumi na mbili. Ya kumi na moja. Harufu ya spiriti ikapotea, ikaja harufu ya matope. Matope ya kwao! Odette angeyatambua hata akiwa usingizini.

Ya kumi.

Hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na alama za nyayo, mbichi, na zilikuwa zimesimama mbele yake. Mnong'ono ukamwingia sikioni, mkavu, wa mtu anayesoma vipimo.

"Jike... Mzima... Urefu, sentimita mia moja sitini na nane..."

Kitu chembamba kikambana kifundo cha mguu. Akainama. Uzi mweupe, fundo mara mbili, lile lile ambalo Odette mwenyewe amewafungia vyura kwa miaka kumi. Ukakaza. Damu ikatoka.

"Rudisha... au ubaki."

Odette aliogopa. Lakini chini ya woga palikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyotangulia kufika mdomoni.

"Unanipima mimi? Mimi?" Akanyakua mkasi mezani. "Sirudishi na sibaki! Ulikuja kwetu ukabeba kila kilichopumua. Leo mmoja wao anatoa ushahidi, na wewe utanyamaza umsikilize!"

Akakata uzi.

Chupa zote zikatetemeka makabatini. Odette hakukimbia, maana kukimbia kungempa yule raha. Alitembea, akichechemea, taa zikizimika nyuma yake moja baada ya nyingine.

Juu, picha zilipokwisha kwenda kwa wakili wa upande wake, Wendell aliutazama mguu wa Odette.

"Uliandika jina la nani?"

"Langu."

Mzee akavuta suruali yake juu kidogo. Uzi ule ule, umezama ndani ya ngozi iliyozeeka. "Miaka ishirini na sita," akasema. "Mimi aliponiambia nirudishe, nilirudisha."

Asubuhi hakimu aliyasimamisha matingatinga. Siku ya pili jioni Odette alikuwa barazani Bayou Corbeau, anamenya kamba pamoja na bibi yake, vyura wakipiga kelele kila upande. Simu ikalia. Alikuwa Wendell, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka na kulia kwa pamoja.

"Uzi wangu umekatika, binti. Wenyewe! Na taa zimetulia. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Kuna matope kwenye ngazi. Nyayo zinatoka. Zimekwenda nje."

Vyura wakanyamaza. Wa mbali kwanza, kisha wa karibu, kisha wote.

Chwa.

Bibi Eulalie akaweka bakuli chini. "Ni yule mtu wa chupa?"

"Umemjuaje, bibi?"

"Alisimama hapo hapo mwaka ule. Akaniuliza njia kavu ya kuingia kinamasini ni ipi. Ndoo zake zimejaa viumbe, bado anataka wengine. Nikamwonyesha."

"Ilikuwa kavu?"

Bibi alijifuta mikono kwenye aproni, akaitwaa taa msumarini, akaukunjua mgongo wake pole pole.

"Nishike mkono, mjukuu wangu," akasema. "Nikamwonyeshe tena."