Mguu wa Kushoto wa Advera

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, timu ya mpira ya wasichana ya shule moja ya msingi kijijini Usoke ilikusanyika mbele ya ukuta wa stoo. Mwalimu Mektilda, kocha wao, alikuwa amechora mraba ukutani kwa chaki. Kila msichana alirudi nyuma hatua tano, akaupiga mpira kwenye mraba huo kwa mguu wa kushoto tu, akihesabu amepatia mara ngapi mfululizo. Kisha aliandika mwenyewe idadi yake kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Advera ndiye aliyekuwa mfungaji wao tegemeo. Mguu wake wa kulia ulijulikana hadi Urambo, lakini wa kushoto ulikuwa kama si wake. Siku ya kwanza alipatia mara nne. Alipofika mlangoni akakuta rafiki yake Kabula, beki mpole ambaye alikuwa hajawahi kufunga hata bao moja, ameandika tisa. Advera akaona haya. Akaandika kumi na nane.

Mwalimu aliwagawa kwa idadi hizo. Walio chini ya kumi aliwasogeza karibu na ukuta, akachuchumaa mbele ya kila mmoja na kumwonyesha jinsi ya kupiga kwa upande wa ndani wa mguu. Advera alipelekwa kundi la kupiga mpira huku wakikimbia. Kila siku aliandika idadi kubwa zaidi, na kila siku mpira ulimponyoka.

Ijumaa ya wiki ya pili walicheza mechi ya mazoezi. Advera alikosa mabao matatu, yote upande wa kushoto. Mwalimu Mektilda aliwakalisha kwenye nyasi.

"Wanangu, nadhani nimewapotezea muda," alisema kwa upole. "Kama Advera mwenye ishirini na mbili ukutani anashindwa uwanjani, basi zoezi langu halifai. Jumatatu tutaliacha."

Kabula aliinamisha kichwa. Wiki hiyo alikuwa amefikisha kumi na nne, na alianza kuupenda mpira kuliko zamani. Advera alimtazama. Wenzake walipoondoka, yeye alibaki.

"Mwalimu, zoezi lako halina kosa. Mimi niliandika uongo. Sijawahi kuvuka tano."

"Kwa nini, mwanangu?" Mwalimu aliuliza.

"Sikutaka Kabula anizidi."

Machozi yalimtoka. Mwalimu alimfuta kwa upindo wa kanga yake, akamwongoza hadi ukutani, hatua mbili tu kutoka kwenye mraba.

"Usiukimbilie mpira. Geuza mguu, uuguse taratibu."

Jioni hiyo Advera alipatia mara sita. Jumatatu zoezi liliendelea, na Advera aliikata kwa kalamu idadi yake ya uongo mbele ya wote, akaandika sita. Kabula hakumcheka. Alisimama kando yake, akawa anamrudishia mipira.

Mwezi mmoja baadaye walicheza na wageni kutoka Urambo. Dakika za mwisho Advera alibanwa na mabeki upande wa kushoto. Akapiga pasi kwa mguu ule ule wa kushoto, na Kabula aliyekuwa amepanda mbele akafunga bao lake la kwanza maishani.

Mwalimu Mektilda aliwakumbatia wote wawili. "Sikuwapa karatasi ile mshindane," alisema. "Nilitaka kujua nani anahitaji msaada wangu. Mtoto akisema kweli kwamba hajaweza, hapo ndipo mimi ninaweza kumfundisha."